Kopepodi anakula kiasi gani? Namna ya kupima kwa chupa 6 na mtumbwi

Sehemu kubwa ya chakula cha dagaa wanaoshushwa pwani yetu ya Mtwara ni kopepodi, vijidudu vya jamii ya kamba ambao wengi hawafiki milimita 2. Kopepodi nao hula mwani usioonekana kwa macho. Utafiti wangu uko hapo, kati ya kopepodi na mwani, na ninatamani vijana wengi zaidi wa huku waujue.

Ghuba ya Mikindani inafaa kwa kuwa imetulia. Ukienda Msimbati uko ndani ya hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo tafuta kibali kwanza.

Toka jua likishazama: kopepodi wengi hushinda chini mchana, usiku wakapanda kula. Wavu uwe wa matundu ya maikromita 200, yaani sehemu ya tano ya milimita. Mwombe nahodha apige kasia taratibu. Ukiuvuta kwa mashine utapata maiti. Ulichopata mimina kwenye ndoo ya maji ya palepale, uifunike kwa kanga iliyolowa.

Chota maji mengine hapohapo, yapitishe kwenye wavu uleule ili wadudu wabaki na mwani upite. Jaza chupa 6 za lita 1. Katika chupa 3 tia kopepodi 20 kila moja, wazima, wa aina moja, ukiwahamisha kwa mrija wenye mdomo mpana. Chupa 3 zilizobaki usitie kitu. Zote zijae hadi juu, pasibaki povu la hewa.

Wanafunzi huuliza chupa hizo 3 tupu ni za nini. Ndizo roho ya kipimo. Katika saa 24 mwani unagawanyika na kuongezeka, na viumbe vidogo vilivyopenya wavu navyo vinaula. Kopepodi wanaweza kula sana, lakini mwani ukaonekana haujapungua tangu jana. Chupa zisizo nao zinakuonyesha mwani ungekuwa kiasi gani wasingekuwapo.

Zifunge kwenye boya, zining'inie kina ulichochotea maji. Mawimbi yatazuia mwani usitue. Baada ya saa 24 chuja kopepodi, uangalie kama wote wako hai. Chupa yenye waliokufa iache nje ya hesabu. Tia maji myeyusho wa iodini, yaache yatuame, kisha hesabu mwani kwa hadubini.

Tuseme chupa tupu zina wastani wa seli 200 kwa mililita, zenye kopepodi 150. Gawanya 200 kwa 150, tafuta logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo): 0.288. Zidisha kwa mililita 1,000, gawanya kwa kopepodi 20, kisha kwa saa 24. Jibu ni 0.6: kila kopepodi anasafisha mililita 0.6 za maji kwa saa, yaani anakula mwani wa kiasi hicho cha maji.

Rudia wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Andika pia kama ni bamvua au maji mafu, kwani bamvua huingiza na kutoa maji mengi ghubani, na mwani hubadilika nayo.