Kuondoa Silikoni Mbovu Bafuni na Kuiweka Upya

Silikoni iliyowekwa vibaya pembeni mwa hodhi la kuogea au trei ya shawa haihitaji jicho la fundi ili itambulike. Kingo zake zimeinuka kiasi cha kuingiza ukucha chini yake, madoa meusi ya kuvu yameota ndani yake wala hayatoki kwa kusuguliwa, au imepakwa kwa mabonge hata maji yanatuama juu yake badala ya kuteleza kurudi kwenye hodhi. Maji yanayopenya hapo mara nyingi huonekana kwanza mahali pengine kabisa: rangi inabambuka upande wa pili wa ukuta, fremu ya mlango wa bafu inavimba, au doa la kahawia linatokea kwenye dari la chumba cha chini.

Jambo ambalo wengi hulifanya, mafundi wakiwamo, ni kupaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani. Kazi hiyo hupendeza kwa wiki chache tu, kwa sababu silikoni mbichi haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukauka, na kuvu iliyofunikwa huendelea kuota na kujitokeza tena. Katika nyumba zetu kuna kosa jingine la kawaida, nalo ni kuziba kiungo hicho, yaani pale hodhi linapokutana na ukuta, kwa saruji nyeupe. Saruji nyeupe inafaa kati ya kigae na kigae, lakini hodhi hushuka kidogo linapojaa maji na kurudi linapomwagwa, wakati ukuta umetulia palepale; kitu kigumu kisichovutika kikiwekwa baina ya viwili hivyo lazima kipasuke. Kwa hiyo kilichopo chote, kiwe silikoni au saruji, kiondolewe.

Kuondoa ndiko kunakokula muda, na hapa usiwe na haraka. Kata kwa kisu chenye wembe mkali upande wa ukuta, kisha upande wa hodhi, halafu vuta utepe wa silikoni taratibu. Ile nzuri kiasi hutoka kwa vipande virefu. Masalia yakwangue kwa kikwaruzo cha plastiki, hasa kama hodhi ni la akriliki, kwa maana wembe wa chuma huacha mikwaruzo isiyofutika. Saruji nyeupe itakwanguliwa kwa ncha ya bisibisi ya zamani, kwa uangalifu ili kingo za vigae zisimeguke. Baada ya hapo futa sehemu yote kwa kitambaa kilicholowa spiriti na urudie mpaka kitambaa kitoke safi. Utando mwembamba wa silikoni hauonekani kwa macho, ila unaweza kuupima: nyunyiza matone ya maji, na pale yanapojikusanya kuwa vitone vya duara badala ya kutandaa kama yanavyotandaa pembeni, ujue bado kuna masalia.

Kama kuna kuvu ndani ya kiungo, paka dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini, iache kwa dakika kumi hivi, kisha suuza kwa maji mengi. Fungua madirisha, vaa glavu, na kamwe usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Kisha acha kiungo kikauke kabisa. Siku nzima bila mtu kuoga hapo ni kiasi cha chini, na katika miji ya pwani yenye unyevunyevu mwingi ni vyema kuongeza feni.

Wakati huo wa kusubiri utumie kukagua kama trei yenyewe inacheza unapoikanyaga. Ikicheza, egemeo lake la chini lirekebishwe kwanza, maana silikoni ni kizibo na haiwezi kushikilia trei iliyolegea.

Dukani omba silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu, si ile ya akriliki inayopakwa rangi, ambayo hukauka kwa kupoteza maji na hivyo husinyaa. Silikoni zenyewe ni za aina mbili. Inayotoa harufu kali ya siki inapokauka ni ya bei nafuu na hushika vizuri kwenye kioo na vigae vya kauri, lakini asidi yake huweza kutia doa mawe ya asili kama marumaru halisi na kuharibu baadhi ya metali. Kwa mahali hapo chukua isiyo na asidi. Soma pia tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kuwa silikoni iliyopitwa na wakati inaweza kubaki inanata bila kukauka, na hapo utalazimika kukwangua upya.

Kabla ya kupaka, jaza hodhi maji. Lita 150 zina uzito wa kilo 150, na uzito huo hufungua kiungo kufikia upana wake mkubwa, ili silikoni ikaukie katika hali hiyo na isichanike siku mtu atakapoingia kuoga. Maji hayo yabaki mpaka silikoni ikauke, ila yasiguse kiungo. Kiungo kikiwa na kina kikubwa, tanguliza kamba ya sponji ndani yake. Bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi juu na chini ya kiungo, ukiacha nafasi ya milimita sita hivi. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu likiwa dogo kuliko nafasi hiyo, kisha bonyeza bunduki ya silikoni kwa nguvu isiyobadilika huku ukisogea bila kusimama katikati ya upande mmoja.

Chovya kidole kwenye maji ya sabuni na upitishe mara moja juu ya silikoni, ukiigandamiza pande zote mbili na kuacha umbo la mbonyeo. Kurudia rudia ndiko kunakoharibu. Vuta utepe mara moja kabla ngozi ya juu haijaanza kuganda, jambo linaloweza kutokea ndani ya dakika kumi, na maji ya sabuni yasifike mahali ambapo bado hujapaka.

Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, takriban milimita mbili hadi tatu kwa saa 24, kwa hiyo bonge nene linahitaji siku kadhaa hata kama juu linaonekana kavu. Fuata muda ulioandikwa kwenye tyubu. Penye fremu ya alumini ya kioo cha shawa, kwa kawaida ziba upande wa nje peke yake: maji yanayoingia ndani ya fremu lazima yapate njia ya kurudi kwenye trei, na ukiziba upande wa ndani yatatafuta njia kupitia sakafuni.