Una kamera kwenye nyumba ya wapangaji? Jinsi ya kuomba usajili wa mkusanyaji wa taarifa binafsi

Nina nyumba ya vyumba sita Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na karibu wapangaji wote ni wanafunzi. Baada ya wezi kuingia mara mbili nilimwita fundi akanifungia kamera nne. Haikupita wiki, mpangaji mmoja akaja kibarazani, akaniamkia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, kamera ya uani inaniona nikitoka kuoga." Nikafungua simu. Mlango wa bafu ulikuwa katikati kabisa ya picha, na kanga zilizoanikwa kwenye kamba ningeweza kuhesabu maua yake. Picha ile nilikuwa naiangalia kila siku nikitafuta mwizi, nisimwone binti wa watu.

Ndiyo maana nasema anza na kamera, fomu baadaye. Utaulizwa unakusanya taarifa gani, za nini, na umezilindaje. Kamera inayochungulia bafu haina jibu la kuandika hapo.

Geti, njia ya kuingilia na mahali pa kuegesha bodaboda vinatosha. Funga kamera kimo cha mita 2.5 hadi 3, ielekee chini, isivuke ukuta kwenda kwa jirani. Kama dirisha la mtu haliepukiki, mashine nyingi za kurekodia zina sehemu ya kuziba kipande cha picha kwa kiboksi cheusi. Mwambie fundi akizibe ukiwa umesimama hapo, kisha ukague tena usiku. Zima sauti, maana maongezi ya watu hayakusaidii kumkamata mwizi. Badilisha nywila iliyokuja na mashine, na ufute akaunti ya fundi kabla hajaondoka. Huyo wa kwangu aliendelea kuwa na nyumba yangu kwenye simu yake kwa muda ambao sipendi kuufikiria. Na kwa vumbi letu la kiangazi, futa vioo mara kwa mara, la sivyo usiku taa ya kamera inamulika vumbi na utando wa buibui, picha yote inakuwa nyeupe.

Amua pia picha zikae siku ngapi. Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde hula kama gigabaiti 43 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 yenye kamera nne hujaa kwa siku zisizofika sita, kisha hujifuta na kuanza upya. Kwangu inatosha. Andika idadi hiyo, utaihitaji.

Sasa usajili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu kwenye picha ni taarifa binafsi. Anayelinda nyumba anayoishi na familia yake tu, hayo ni matumizi binafsi. Ukishapokea kodi, mimi naona kamera ni sehemu ya biashara. Kinachosajiliwa si kamera, ni wewe, kama mkusanyaji.

Ingia kwenye tovuti ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, pdpc.go.tz, ufungue akaunti. Weka karibu namba ya NIDA, TIN, barua pepe na simu. Unapojaza maelezo ya taarifa unazokusanya, usiandike "usalama" ukaishia hapo. Andika: picha za wanaoingia na kutoka getini, kwa ajili ya kuzuia wizi, hufutwa baada ya siku sita, anayeziona ni mwenye nyumba peke yake. Kama kamera zako hutunza picha kwenye mtandao wa kampuni ya nje, sema hivyo waziwazi, kwa sababu kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake kisheria. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu, hifadhi risiti. Cheti hudumu miaka 5.

Wakati unasubiri, weka bango getini linalosema kuna kamera, ni za nini, na namba ya kumpigia anayehusika. Ongeza kifungu chenye maelezo hayo kwenye mkataba wa pango, na mpangaji aonyeshwe kila kamera inaona nini kabla hajatia saini. Yule binti nilimpa simu aangalie mwenyewe. Ana haki ya kuomba kuona picha zake, na asiporidhika anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume.

Wizi ukitokea, usirushe video kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hata kama sura inaonekana vizuri. Polisi wakihitaji, toa kipande cha muda ule tu, na uandike kwenye daftari tarehe, jina la askari na namba ya RB.