Jinsi ya kutengeneza adui wa katuni ambaye watoto hawamsahau

Kipimo changu ni kimoja tu. Watoto wakishamaliza kuangalia katuni wakaanza kuigiza, angalia nani anagombaniwa. Kama kila mtu anataka kuwa steringi na uadui anasukumiwa yule mdogo wa mwisho ambaye hana sauti pale, ujue adui wako hajakaa sawa. Ukiona wanatoleana macho kisa nani awe adui, hapo umepatia. Kwa hiyo yote ntakayosema huku chini yanarudi kwenye swali hilohilo, mtoto anaweza kumuigiza huyu jamaa sebuleni akiwa hana kitu chochote mkononi?

Anza na anachokitaka. Nguvu zake baadae, nguo baadae. Watu wengi wanaandika "anataka kuitawala dunia" alafu wanaruka kwenye kuchora pembe na joho, sasa mtoto wa miaka sita kuitawala dunia kunamhusu nini, hajawahi hata kuitamani. Anachokijua yeye ni kunyimwa zamu, kulinganishwa na ndugu yake, wenzake kucheza bila yeye, kuahidiwa kitu kisije. Chukua kimojawapo ukikuze mpaka kiwe kikubwa kuliko akili. Muangalie Doofenshmirtz, adui wa Phineas and Ferb, katuni iliyoanza 2007. Mashine nyingi anazounda majina yake yanaishia na "-inator", na karibu kila mashine ina kisa chake cha utotoni nyuma, mara alisimamishwa bustanini awe kama sanamu, mara mama anampenda zaidi mdogo wake Roger. Na huyo hata dunia haitaki, anataka eneo la majimbo matatu tu! Mtoto anacheka ila anamuelewa kabisa, maana na yeye jana tu kaona mdogo wake anapendelewa.

Ngoja nitengeneze mmoja hapahapa tuende nae. Kuna jamaa anaitwa Subiri. Anaiba saa zote za mji, za ukutani, za mkononi, mpaka kengele ya shule. Kwanini? Kwasababu utoto wake wote alikuwa anaambiwa subiri kidogo, bado mapema, mpaka akaapa hakuna mtu atamwambia mwingine asubiri tena. Umeona, sentensi moja, na kila mtoto ameshaambiwa hayo maneno leo asubuhi. Kama ya kwako inahitaji aya mbili kuielezea, rudi nyuma.

Ukishapata hilo vingine vinajileta. Mwili wa Subiri umeinama mbele muda wote kama mtu anaetaka kukimbia, anameza mwisho wa maneno kwasababu hana muda wa kuyamaliza, na neno lake ni "sasa hivi!" Mtoto anainama, anasema sasa hivi, kashakuwa Subiri. Neno lenyewe usilitumie ovyo, mara moja au mbili kwa sehemu moja ya katuni inatosha, likizidi linageuka tangazo.

Kwenye umbo fanya hivi, mpake rangi nyeusi mwili mzima umuweke pembeni ya wahusika wengine waliopakwa hivohivo. Unamjua bado? Kama humjui shida ipo kwenye umbo na mapambo hayatakuokoa. Bill Cipher, adui wa katuni ya Gravity Falls, ni pembetatu yenye jicho moja na kofia, mtoto anamchora ukutani kabla hujamkataza. Alafu kuna upande wa kazi yenyewe, katuni ya kuchora kwa kawaida ni fremu 24 kwa sekunde, yani picha 24 zinazopita moja baada ya nyingine, hata kama kila mchoro unashikiliwa kwa fremu mbili bado ni michoro 12 ya sekunde moja, sasa wewe mpe vifungo kumi na tano kwenye koti uone wachoraji watakavyokuchukia. Njia nyingine ni kumficha. Kwenye katuni ya Inspector Gadget ya 1983 Dr. Claw hukuwahi kuiona sura yake, ni mikono, paka wake na lile sauti zito, basi kila mtoto alijichorea sura yake kichwani na hakuna mchoraji angeweza kuishinda hiyo.

Kitu kimoja kinaniudhi sana mimi. Kovu, kuchechemea, lafudhi ya kigeni, unene, hivi vinabandikwa kwa adui kama lebo ya ubaya. Achana navyo. Ni uvivu, na kesho yake mtoto mwenye kovu darasani ndo anapewa uadui bila kuulizwa.

Sasa tatizo kubwa la mfululizo. Kila mtu anajua steringi hafi, na adui akipigwa sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikifika ya kumi nani atamuogopa? Kwa hiyo muachie ashinde vitu. Sio vita nzima, kitu kidogo ambacho hakirudi. Subiri anapigwa lakini saa ya bibi wa steringi inabaki kwake, na kila akitokea tunaiona inaning'inia kiunoni. Hiyo inaogopesha kuliko moto na mingurumo. Na anaposhindwa ashindwe kwa tabia yake mwenyewe, steringi asimzidi nguvu, amfanye tu angoje dakika moja, Subiri hawezi, anatoka mafichoni kabla ya wakati. Mtoto anaiona inakuja, anapiga kelele kwenye tivii, raha tupu.

Ukitaka kumpa huzuni usiharakishe. Ice King wa katuni ya Adventure Time, iliyoanza 2010, mwanzoni ni kizee msumbufu anaeteka mabinti wa kifalme, ni baadae sana ndo tunakuja kujua alikuwa mtu mwema anaitwa Simon na taji ndo lilimla akili. Taji lenyewe lilikuwa kichwani kwake siku zote tunaliangalia! Ndo hivo, siri iweke mbele ya macho tangu mwanzo. Ila akishaonewa huruma asisamehewe hapohapo, saa za watu arudishe kwanza.

Kutisha nako ni kupima. Kwa wadogo sana kila hofu ifuatiwe haraka na kicheko, aanguke, kofia imfunike macho, kitu kama hicho. Wakubwa kidogo unaweza kuwaacha na hofu mpaka mwisho wa sehemu.

La mwisho jina. Liwe fupi, na litamkike na mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Subiri atatoka "Thubiri", na kwa maoni yangu hivo ndo anatisha zaidi.