Matairi ya tela la kambi: soma ubavu kwanza

Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa: 1518 ni wiki ya 15, mwaka 2018. Tairi hilo limezeeka, liache, hata kashata (meno ya tairi) zikiwa nzima. Tela husimama juani Dodoma miezi mingi, mpira hukauka na kupasuka kabla haujalika.

Kisha namba ya uzito ubavuni: tairi moja la 108 hubeba kilo 1,000, la 112 kilo 1,120. Tela la ekseli moja lenye kilo 1,800 likijaa, chukua 112, maana mzigo haukai sawa pande zote. Tairi la gari dogo usifunge kabisa; ubavu wake laini, tela litayumba.

Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Upepo pungufu huchemsha tairi hadi lipasuke. Kipimo cha upepo kikizidi psi 65, weka valvu ya chuma.