Kubadilisha mbao ya bodi ya Morgan kwa mninga wa Tabora

Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ya magari ya kampuni ya Morgan si ya mbao, hata mafundi wabishe vipi. Tangu modeli ya 4/4 ya mwaka 1936, gari la kwanza la magurudumu manne la kiwanda hicho cha Malvern, Uingereza, chesisi ilikuwa ya chuma. Mbao ni kiunzi cha bodi, nayo ni eshi, mti wa Ulaya unaopinda vizuri lakini mchwa wanautafuna bila shida.

Kwa bisibisi nyembamba, choma mbao za chini, nguzo za bawaba na matao ya magurudumu ya nyuma. Ikizama kirahisi, mbao imekwisha. Mlango ukishuka, kagua nguzo kabla ya kulaumu bawaba.

Usivue mbao zote kwa mpigo, maana ndizo zinazoshika umbo la bodi. Funga milango, pima nafasi zake, gongomea ubao wa muda kati ya nguzo, kisha toa kipande kimoja. Kichore kwenye plaiwudi ya mm 6. Bodi hizi ziliundwa kwa mkono, kwa hiyo kipimo cha gari jingine hakitakufaa.

Nunua mninga wenye risiti, uliokauka hadi unyevu wa asilimia 12 hivi. Ukifunga mbichi wakati wa mvua, kiangazi utasinyaa na skrubu zitalegea. Ule weupe wa nje ukate wote, kwani mchwa hawauogopi kama kiini. Vaa barakoa, vumbi lake huwasha kifua.

Kazi ngumu ni tao. Kiwandani huunganisha tabaka tatu za eshi kwa gundi ndani ya kalibu. Mninga haupindi kama eshi, basi pasua vipande vya mm 3 na uongeze tabaka mpaka ufikie unene wa awali. Kalibu iwe na mpindo mkali kidogo kuliko tao, kwa sababu likitolewa hujifungua. Paka gundi ya epoksi, bana klampu kila sm 10, acha saa 24. Gundi nyeupe ya samani haifai: bati la bodi likipigwa na jua, inalegea.

Toboa tundu dogo kabla ya kila skrubu, hasa karibu na ncha, la sivyo mninga utapasuka. Tumia skrubu zisizoshika kutu, na mbao inapokalia chesisi tandika mpira wa tyubu kuukuu. Bati lisirudi mpaka milango ifunge bila kusukumwa.