Namna ya Kumfundisha Keshia Mpya Akiwa Kaunta

Katika supamaketi nyingi za Dar es Salaam, anayemfundisha keshia mpya si meneja, bali ni keshia mwenzake aliyemtangulia, na mara nyingi jambo hilo huamuliwa asubuhi ileile mgeni anapofika: "Kaa na dada huyu, atakuelekeza." Maelekezo haya nimeyaandika kwa ajili ya huyo dada, au kaka, ambaye ana foleni mbele yake, ana droo ya kuilinda, na sasa ana mtu pembeni anayemtazama mikono. Nimekaa kaunta kwa miaka mingi na wenzangu niliowafundisha ni wengi. Ninaloliamini kuliko yote ni kwamba kazi hii hujifunzwa kwa mikono, haijifunzwi kwa macho, na kwamba sehemu ngumu ya kufundisha ni kuizuia mikono yako mwenyewe isikimbilie mashine.

Kabla hajaanza

Mwombe msimamizi vitu viwili ambavyo usipovipata usikubali kuanza: mgeni awe na nywila yake mwenyewe ya kuingilia kwenye mfumo, na awe na droo yake mwenyewe yenye chenji iliyohesabiwa mbele yake. Katika duka nililoanzia kazi, tulikuwa watatu tukitumia nywila moja na droo moja. Wiki yangu ya kwanza ilipatikana shoti, yaani upungufu wa fedha kwenye droo, ya shilingi 37,000, na kwa kuwa hapakuwa na namna ya kujua nani alipokea nini, lawama ilimwangukia aliyekuwa mgeni. Sikulala siku ile, na tangu hapo sijawahi kumruhusu mtu ninayemfundisha aguse fedha ambazo hakuzihesabu yeye.

Chagua pia siku. Jumanne au Jumatano asubuhi, katikati ya mwezi, ni wakati mzuri. Mwisho wa mwezi baada ya mishahara, au saa kumi na moja jioni wakati wa Ramadhani watu wanapokimbilia futari, mgeni hatajifunza chochote zaidi ya hofu.

Siku ya kwanza asiguse mashine

Mpeleke kwenye rafu. Apange bidhaa, akisogeza mbele zile ambazo muda wake unakaribia kuisha na kuweka mpya nyuma, hasa maziwa, mtindi na mikate. Afananishe bei ya kwenye lebo na bei inayosomwa na mashine, kwa sababu tofauti ya bei hizo mbili ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa kaunta, na keshia aliyewahi kuziona lebo kwa macho yake hujibu kwa utulivu mteja anapolalamika. Ajue vitu vinavyofanana: unga wa kilo moja, wa mbili na wa tano wa kampuni moja, au sabuni zenye rangi moja na harufu mbalimbali. Mgeni asiyejua tofauti hizi husoma bakodi ya kipande kimoja na kuandika idadi ya vyote, kumbe kimojawapo kina bei nyingine.

Kukaa pembeni, kisha kubadilishana

Siku ya pili asimame upande wako, na wewe useme kwa sauti kila unachofanya, hata kile unachokifanya bila kufikiri. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: mkono uliozoea hupita haraka na mdomo unanyamaza, kisha tunashangaa mgeni hakuona. Asubuhi moja inatosha. Ikizidi hapo, atachoka na kuanza kuangalia wateja.

Baada ya hapo mbadilishane nafasi. Yeye akae kwenye mashine, wewe usimame nyuma yake kidogo, mikono ikiwa mgongoni. Hili la mikono mgongoni nalisema kama lilivyo. Ukiiacha huru, foleni ikifika watu wanne utainyoosha, utabonyeza kitufe, na mgeni atajifunza kwamba kila akikwama kuna mtu wa kumaliza kazi kwa niaba yake.

Jambo la kumfundisha kwa subira kubwa ni kupokea fedha na kurudisha chenji. Tuseme bidhaa zimefika shilingi 7,350 na mteja ametoa noti ya elfu kumi. Mgeni aseme kwa sauti inayosikika, "Nimepokea elfu kumi," na noti hiyo ailaze juu ya droo, asiichanganye na nyingine mpaka chenji ifike mkononi mwa mteja. Kisha ahesabu kwa kupanda kutoka kwenye deni: hamsini, inakuwa 7,400, mia moja, 7,500, mia tano, 8,000, elfu mbili, 10,000. Mteja anaisikia hesabu, naye mgeni anaihakiki bila kutegemea kioo cha mashine. Mteja akidai papo hapo kwamba alitoa mbili za elfu kumi, noti ileile bado iko juu ya droo ikishuhudia.

Sarafu zikipungua, amwombe msimamizi chenji mapema. Usimfundishe kumpa mteja peremende au kiberiti badala ya shilingi hamsini yake. Ni mazoea yaliyoenea, lakini fedha ni ya mteja, na hakuja kununua peremende.

Noti azijue kwa vidole pia. Mpe noti halali ya elfu kumi, ile nyekundu yenye tembo, apapase maandishi yaliyoinuka, ainyanyue kwenye mwanga aone picha iliyofichika na uzi uliopita ndani ya karatasi. Afanye hivyo mara nyingi kwa noti nzuri, na noti mbaya itamshtua yenyewe.

Malipo ya simu

Sehemu hii ipe muda wake, kwa sababu mgeni huibiwa hapa kuliko kwenye fedha taslimu. Mteja analipa kwa lipa namba, anaonyesha meseji kwenye simu yake, anasema ana haraka. Mfundishe mgeni kwamba simu ya mteja si ushahidi. Kinachosomwa ni simu ya duka, au kioo cha mfumo kama malipo yameunganishwa, na vinasomwa vitu vitatu: kiasi, jina na saa. Meseji bandia huandikwa vizuri kiasi cha kumdanganya mtu mzoefu, na nyingine hutumwa kwenye simu ya duka yenyewe kutoka namba ya kawaida ya mtu, kwa hiyo aangalie pia jina la aliyetuma meseji. Mtandao ukichelewa, bidhaa zisubiri kaunta. Mpe maneno ya kusema, maana mgeni asiye na maneno huona aibu na kuachia mzigo: "Naomba tusubiri kidogo, mama, meseji yetu bado haijaingia."

Kuhusu risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, mweleze sababu pamoja na amri. Taarifa za risiti hutumwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa hiyo kosa lililogunduliwa baada ya risiti kutoka halifutiki kwa kubonyeza kitufe. Linahitaji msimamizi na maandishi. Ndiyo maana mgeni lazima atue kidogo kabla ya kubonyeza jumla, aangalie idadi ya bidhaa kwenye kioo na idadi iliyo mezani. Aanze pia kuuliza mapema kama mteja amekuja na mfuko, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na mfuko mbadala unauzwa. Ukikumbukwa baada ya risiti, unadai risiti ya pili.

Kumsahihisha mbele ya watu

Atakosea, na mteja atakuwepo. Usiseme, "Mvumilieni, huyu ni mgeni," kwa kuwa maneno hayo humvua heshima, na wateja wengine humwonea kwa sababu yake. Sema, "Tuangalie tena pamoja," kisha onyesha kwa kidole mahali penye kosa na umwache arekebishe mwenyewe. Maelezo marefu yangoje foleni iishe. Kama kosa limemuumiza mteja, yeye mgeni ndiye aombe radhi, wewe ukiwa karibu.

Wakati mwingine anayefundishwa amekuzidi umri. Nimewahi kumfundisha mama aliyekuwa na watoto wa rika langu, ambaye kabla ya hapo aliuza gengeni kwa miaka mingi. Nilimwamkia "shikamoo" kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, nikamwita mama hata nilipokuwa namwambia kwamba amekosea, na sikumwelekeza hesabu hata siku moja, kwa sababu hesabu alinishinda. Alichohitaji ni skana, kioo na vitufe, basi. Uliza kwanza mtu anajua nini.

Kufunga hesabu

Jioni mgeni ahesabu fedha peke yake, aandike, kisha mhesabu pamoja na kulinganisha na ripoti ya mashine. Ziada muichukulie kwa uzito uleule wa shoti, kwa kuwa ziada ya elfu mbili maana yake kuna mteja aliyeondoka na chenji pungufu. Tafuteni chanzo siku hiyohiyo, wakati kumbukumbu bado ipo, na muandike kwenye daftari mkisaini wote wawili.

Mwambie pia haki yake, hata kama hakuuliza. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri hawezi kukata tu mshahara kwa sababu droo imepungua. Mfanyakazi anatakiwa aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na akubali kwa maandishi, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Mgeni anayejua hivyo huripoti shoti ndogo mapema badala ya kuifidia kimyakimya kwa nauli yake.

Kumwachia

Usihesabu siku. Angalia kama amefunga hesabu mara tatu mfululizo bila tofauti, kama anaita msimamizi bila kusukumwa, na kama anaweza kukueleza yeye hatua za kurudisha bidhaa iliyouzwa. Siku ya kwanza ya kukaa peke yake, mwombee kaunta iliyo jirani na yako, isiwe ile ya mlangoni inayopokea watu wengi. Mpe chenji ya kutosha, mwonyeshe kengele ya kumwita msimamizi, kisha mgeukie mteja wako na umwache na wa kwake.