Unanunua nyumba ya kupangisha Arusha? Anza na mpangaji, halafu tembea mtaa kwa miguu

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Kaka, ninunue Njiro au Muriet?" Nami huuliza: utampangisha nani?

Hatua ya 1: Mjue mpangaji

Mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu anatafuta chumba atakachofika kwa miguu. Mtumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anataka nyumba nzima, yenye uzio na pa kuegesha gari. Mfanyabiashara wa soko la Kilombero anataka chumba na sebule karibu na njia ya hiace. Hakuna mtaa utakaowafaa wote watatu.

Usikimbilie Olmoti kwa sababu tu kuna uwanja wa AFCON 2027. Mashindano ni ya wiki chache. Jiulize nani atakulipa kodi Februari 2028.

Hatua ya 2: Nenda wakati wa masika

Hapa nakusihi usiwe na haraka. Mji umekaa kwenye mteremko wa Mlima Meru, na mvua ya juu yote hushuka kusini kupitia mito kama Themi na Naura, na makorongo. Korongo ambalo kiangazi ni njia ya mbuzi, Aprili ni mto. Aprili 2024 basi la wanafunzi lilisombwa eneo la Engosengiu, watoto wakafariki.

Nyumba yangu ya kwanza niliikagua Septemba. Kuta zilikuwa na rangi mpya kuanzia chini hadi kiunoni. Juu yake rangi ilikuwa ya zamani, imefifia. Sikuuliza kwa nini. Masika ilipofika maji yalisimama palepale rangi mpya ilipoishia, na mama aliyepanga akatoka na godoro kichwani. Ukiona rangi ya namna hiyo, uliza majirani watatu.

Hatua ya 3: Fungua bomba

Uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kama ni kisima, peleka sampuli ipimwe floridi, kwa maana maji mengi ya ukanda huu yanayo kwa wingi. Watoto waliokulia pale wakiwa na meno ya kahawia, umeshapata jibu.

Hatua ya 4: Rudi jioni bila dalali

Dalali analipwa ukinunua, hivyo usitegemee akutajie vyumba vitupu. Pita saa moja usiku, hesabu madirisha yasiyo na taa na mageti yaliyoandikwa "inapangishwa". Kisha ongea na wapangaji wenyewe.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya kweli

Tuseme nyumba ni milioni 60, kodi 350,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 4.2, yaani asilimia 7. Toa mwezi mmoja ikiwa tupu, toa kodi ya zuio (kodi ya serikali inayokatwa kwenye pango) asilimia 10, toa 300,000 za matengenezo: inabaki kama milioni 3.17, asilimia 5 na kidogo. Mtaa ambao nyumba hukaa tupu miezi mitatu unakula zaidi ya hapo.

Hatua ya 6: Karatasi

Muhtasari wa mauziano kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa si hati ya umiliki. Fanya upekuzi (kukagua kumbukumbu za umiliki) kwa Msajili wa Hati, na mpima ardhi akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mipaka, kwenye kiwanja. Muuzaji akiwa na mke au mume, sheria inataka ridhaa ya mwenzi huyo. Mwombe aje asaini mbele yako, hata ukiambiwa yuko safarini. Subiri arudi ndipo utoe hela.